Malaria Hamna, Homa Ipo: Kumsoma Mgonjwa wa Virusi kwa Mpangilio wa Dalili

Kila aliyewahi kukaa kwenye kiti cha tabibu katika zahanati ya mjini anaujua uso huo. Mama kaingia anatetemeka, kachomwa kidole, kasubiri robo saa kwenye benchi la nje, kipimo kimerudi na mstari mmoja. Unamwambia, "Mama, malaria hamna." Badala ya kushukuru anakunja uso. "Sasa mwanangu, kama malaria hamna, naumwa nini?"

Swali hilo ndilo linalotuumbua. Kipimo cha kila kirusi hatuna, foleni imefika getini, na mgonjwa anataka jina la ugonjwa aondoke nalo. Ndiyo maana mitaani kwetu kila mtu ana "taifodi kidogo" na "UTI imepanda". Kipimo cha Widal, kile cha damu cha kutafuta taifodi, kinaweza kusema ndiyo kwa mtu aliyeugua taifodi zamani, au mwenye ugonjwa mwingine kabisa. Homa ya kirusi inaisha yenyewe siku ya tano au ya sita, na sifa zote inapewa antibayotiki ya sipro.

Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa watoto 1,005 waliofika na homa katika vituo vya afya vya Dar es Salaam na Ifakara. Walipopimwa kwa undani, asilimia 70.5 walikutwa na ugonjwa wa virusi. Wenye malaria walikuwa kama mmoja kwa kila kumi. Kwa hiyo kipimo cha malaria kikikataa, kirusi ndicho cha kufikiria mwanzo, ila hilo halitoshi, kwa sababu kuna kirusi cha kumpeleka mtu akalale na kirusi cha kumpeleka hospitali usiku huu huu.

Naandika kwa wenzangu wa zahanati, hasa mnaoanza kazi, na kwa yeyote mwenye mgonjwa nyumbani anayetaka kujua aangalie nini. Haya hayachukui nafasi ya maabara. Yanaonyesha ugonjwa gani unafanana na upi, unaachana nao wapi, na saa ngapi uache kusoma ukatafute gari.

Kabla ya kumgusa mgonjwa

Homa, kichwa na mwili kuuma vinaletwa na karibu kila kirusi. Kinachotofautisha virusi ni ratiba. Swali langu la kwanza siku zote ni: leo siku ya ngapi? Sikubali "siku kadhaa". Tunahesabu pamoja kwa vidole: Jumapili ulienda kanisani, ulikuwa mzima? Jumatatu kazini je?

Kisha nauliza homa ilianzaje. Mtu akikumbuka mpaka saa, mathalani "nilikuwa nakata vitunguu, mara nikasikia baridi", hiyo ni homa ya ghafla. Dengi, chikungunya na mafua makali ya influenza hubisha hodi hivyo. Homa ya ini na taifodi huja kwa kunyata: uchovu, chakula hakiliki, mpaka siku moja mtu anagundua anaumwa.

Mengine ni haya. Kipi kilitangulia, homa au vipele? Nani mwingine anaumwa nyumbani, darasani, kijiweni? Wiki tatu zilizopita ulikuwa wapi na ulishika nini: mifugo, maiti, mgonjwa, nyama ya porini? Ana mpenzi mpya? Hili la mwisho muulize akiwa peke yake, mlango umefungwa. Kwa mtoto, iangalie kadi ya kliniki kwa macho yako. "Chanjo zote amemaliza" ni jibu la kila mama, na wala hadanganyi, ndivyo anavyoamini.

Na usisahau kuuliza ameshameza nini. Hakuna anayefika kwetu bila kupitia duka la dawa.

Homa ya ghafla, mwili umevunjika, kikohozi hakuna

Ukiwa Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar au Mombasa, hasa wiki chache baada ya mvua, wa kuwafikiria ni wawili: dengi na chikungunya. Wote wanaletwa na mbu aina ya Aedes, yule mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana na kuzaliana kwenye maji yaliyotulia ya mapipa, matairi na vifuu. Neti ya usiku haimpati.

Magonjwa haya si wageni kwetu. Chikungunya ilitambuliwa kwa mara ya kwanza kwenye mlipuko wa 1952 huko Newala, na jina lenyewe ni la Kimakonde, lina maana ya kukunjika. Dengi wazee wa pwani waliiita kidingapopo, na wapo wataalamu wanaoamini kwamba "dengue" la Wazungu lilichipuka kwenye neno hilo. Dar es Salaam imepata milipuko mikubwa ya dengi mwaka 2010, 2014 na 2019. Kwa hiyo tunapoandika "homa isiyojulikana" kwenye faili, mara nyingine inajulikana vizuri ila hatukuuliza.

Utawatenganishaje? Mwambie mgonjwa aonyeshe panapouma. Wa chikungunya atakuonyesha kwa kidole: hapa kwenye kiwiko cha mkono, hapa kwenye kifundo cha mguu, vidole hivi, na upande wa pili vilevile. Asubuhi hawezi kufungua chupa ya maji. Nimewahi kumwona fundi cherehani aliyeingia amebeba mikono yake mbele kama mtu aliyebeba sinia, hataki kitu kiiguse. Homa ilikuwa imekwisha siku nne nyuma, viungo vikabaki. Viungo hivyo vinaweza kuuma wiki, hata miezi.

Wa dengi hana kidole cha kuonyesha. Atapitisha mkono mwili mzima: mgongo, mapaja, kichwa, na hasa nyuma ya macho. Mwambie atazame pembeni bila kugeuza shingo, macho yatamuuma. Chakula kinamkinaisha, mdomo mchungu. Siku za mwisho anaweza kutoka vipele na kuwashwa viganja na nyayo.

Ipo pia o'nyong'nyong, jina la Kiacholi, iliyojulikana Uganda kwenye mlipuko ulioanza 1959. Inafanana sana na chikungunya, tofauti ni kwamba inabebwa na mbu wa malaria. Kwa dalili tu hutazitenganisha, na matibabu hayabadiliki, kwa hiyo usijitese.

Sasa sehemu inayoua. Mafua ukiona homa imeshuka, unashukuru. Dengi ukiona homa imeshuka, ndiyo unakaa macho. Kati ya siku ya tatu na ya saba, homa inapoachia, kwa baadhi ya wagonjwa mishipa midogo ya damu inaanza kuvuja maji. Damu inabaki nzito, presha inakaribiana juu na chini, mikono inapoa. Kijana mmoja wa bodaboda alirudi kwetu siku ya tano, anatabasamu. Homa hamna, digrii 36.8. Alikuja kuomba cheti cha kurudi kazini. Muuguzi ndiye aliyesema, "Kaka, mbona mkono wako baridi hivi?" Tulipomlaza na kumbonyeza tumbo upande wa ini, aliruka. Alikuwa ametapika mara nne tangu alfajiri, hakuona kama ni jambo la kusema kwa sababu homa ilikuwa imeondoka. Hakupata cheti, alipata dripu na gari la rufaa.

Ndiyo sababu kila ninayemhisi dengi namwandikia dalili hizi nyuma ya cheti chake, kwa herufi kubwa: TUMBO KUUMA MFULULIZO, KUTAPIKA KUSIKOISHA, FIZI AU PUA KUTOA DAMU, CHOO CHEUSI, KUSINZIA AU KUHANGAIKA KITANDANI, KUKAA SAA SITA BILA MKOJO. Moja tu ikitokea, arudi, hata kama ni saa nane usiku. Aliyewahi kuugua dengi kabla apewe uangalizi zaidi. Virusi vya dengi viko vya aina nne, na kuugua mara ya pili kwa aina tofauti ndiko kunakoelekea kuwa kukali.

Kama maabara ni ndogo, mashine ya presha inaweza kukusaidia. Pima presha, kisha jaza mkanda mpaka katikati ya namba ya juu na ya chini. Mwenye 120 kwa 80 unajaza mpaka 100. Uache hapo dakika tano. Ukiuachia, subiri kidogo, halafu hesabu vidoti vyekundu kwenye eneo la sentimita mbili na nusu kwa mbili na nusu chini ya mkunjo wa kiwiko. Vidoti 10 au zaidi vinaongeza shaka ya dengi. Kwa ngozi zetu vidoti havionekani kirahisi: mpeleke mgonjwa dirishani, angalia upande wa ndani wa mkono, vuta ngozi. Na visipotokea, usimwondolee mtu dengi kwa hilo peke yake.

Kipimo cha damu nacho kina siku zake. Kile kinachotafuta kipande cha kirusi chenyewe, NS1, hufanya kazi siku tano za mwanzo hivi. Kinachotafuta kinga ya mwili, IgM, huanza kuwa na maana siku ya tano kuendelea. Ukimpima NS1 mtu wa siku ya nane ukamwambia "dengi huna", umepoteza hela yake. Picha kamili ya damu ikionyesha chembe nyeupe zimeshuka na chembe sahani, zile za kugandisha damu, zinashuka kila siku, hiyo ni dengi mpaka ithibitike vinginevyo. Chikungunya nayo huzishusha, ila mara chache kwa kiasi hicho.

Dawa: parasetamo, maji, ORS, juisi, madafu. Mtu mzima gramu moja kila baada ya saa sita, isizidi gramu nne kwa siku. Marufuku diklofenaki, brufeni na aspirini mpaka dengi iondolewe, maana zinaongeza kutoka damu. Na hizi ndizo watu wanazokimbilia viungo vikiuma! Sindano ya diklofenaki kwa homa ya siku ya tatu ni tabia ya kuacha leo. Kuhusu majani ya mpapai sina ugomvi na bibi wa mtu, mradi glasi ile isiwe sababu ya kukaa nyumbani huku tumbo linauma.

Homa na vipele

Hapa usianze na kitabu cha picha. Picha nyingi ni za ngozi nyeupe, ambako vipele ni vyekundu. Kwetu mara nyingi ni vyeusi zaidi ya ngozi, au havionekani kabisa mpaka upitishe mkono. Uliza vilianzia wapi na vimeelekea wapi, kisha angalia kama vyote vina umri mmoja.

Surua ina utaratibu kama treni. Siku tatu au nne za mwanzo ni homa inayopanda, kikohozi, mafua na macho mekundu yanayochukia mwanga. Vipele vinafuata, vinaanzia nyuma ya masikio na kwenye mstari wa nywele, vinashuka usoni, kifuani, mpaka miguuni. Ukipapasa, ngozi ina mkwaruzo kama msasa. Mtoto wa surua hachezi, hana raha hata akibebwa. Siku moja au mbili kabla ya vipele, fungua mdomo wake, washa tochi ya simu, tazama ndani ya shavu usawa wa magego: ukiona vidoti vyeupe mfano wa chembe za chumvi kwenye kitambaa chekundu, umeikamata surua kabla haijajitangaza. Ukichelewa siku mbili vidoti vimekwisha.

Mtoto huyo anaambukiza kuanzia siku nne kabla ya vipele hadi siku nne baada yake, kwa hiyo mtoe kwenye benchi la pamoja haraka. Mpe vitamini A siku mbili mfululizo: yuniti 200,000 kwa wa mwaka mmoja na kuendelea, 100,000 kwa wa miezi 6 hadi 11, na 50,000 kwa wa chini ya hapo. Angalia macho, masikio na mapafu, maana watoto wa surua wengi hufa kwa nimonia inayofuata. Kadi ya kliniki inatakiwa kuonyesha chanjo ya miezi 9 na ya miezi 18. Ile ya pili ndiyo inayosahauliwa.

Rubela ni kama surua iliyopunguzwa sauti: homa ndogo, vipele vya siku tatu, tezi zimevimba nyuma ya masikio na kisogoni. Mtoto hata hashindi kitandani. Ugumu wake uko kwa mama yake au dada yake mwenye mimba changa, kwa hiyo uliza nyumbani kuna mjamzito.

Tetekuwanga huja na vipele vyake kwa mafungu. Kwenye tumbo moja utakuta kipele kipya, lengelenge la maji na kigaga, vyote siku moja. Vinajaa zaidi kiwiliwili, vinaingia mpaka kwenye nywele, vinawasha. Viganja na nyayo kwa kawaida vinasalimika. Mtoto mwenye tetekuwanga au mafua asipewe aspirini hata kidogo, kwa sababu ya madhara makubwa ya ini na ubongo yanayoweza kumpata.

Halafu kuna mpox, ambayo tangu Agosti 2024, Shirika la Afya Duniani lilipoitangaza kuwa dharura kwa sababu ya mlipuko wa Kongo na majirani zake, kila lengelenge linapigiwa simu. Dalili zake za kitabuni: homa na tezi zilizovimba zinatangulia siku moja hadi tatu, kisha vipele vigumu, vya ndani, vyenye kishimo katikati, usoni, mikononi, viganjani na nyayoni, na vya sehemu moja vinakua pamoja kama wanafunzi wa darasa moja. Lakini milipuko ya karibuni imevunja sheria hiyo. Wapo waliokuja na vidonda vichache tu sehemu za siri, homa hawakuiona. Hivyo kidonda cha sehemu za siri chenye kishimo, pamoja na tezi za kinena, si kaswende tu siku hizi. Mtenge, vaa glovu, toa taarifa wilayani, chukua sampuli.

Vipele vilivyojipanga mstari upande mmoja wa mwili, na mgonjwa anasema paliuma kama moto siku mbili tatu kabla ya kitu kuonekana, huo ni mkanda wa jeshi. Ni kirusi cha tetekuwanga kilichokuwa kimelala kwenye mishipa ya fahamu. Dawa ya virusi, asikluvia, inasaidia zaidi ikianza ndani ya saa 72. Kijana akiupata, mshauri apime na VVU. Ukifika karibu na jicho, ni rufaa.

Kuna vipele vingine havina kirusi: mgonjwa alimeza Septrin au dawa nyingine ya salfa wiki iliyopita, sasa midomo imechubuka, macho yamewaka, ngozi inauma kuguswa. Simamisha dawa, mkimbize hospitali.

Macho ya njano

Kwanza tutengue jina. Homa ya manjano ni ugonjwa mmoja mahususi wa mbu, wenye chanjo yake ya kadi ya safari. Macho ya njano ni dalili, na sababu zake ni nyingi. Watu wanachanganya, na sisi tunachanganya nao.

Virusi vya homa ya ini vina mfuatano mzuri wa kufuatilia. Wiki ya kwanza ni uchovu, kichefuchefu, homa ndogo na kuchukia harufu ya chakula. Mvutaji anaichukia sigara yake mwenyewe. Kisha mkojo unakuwa wa rangi ya chai ya rangi, na baadaye macho. Wengi manjano ikitokea homa huwa inaondoka. Sasa geuza: manjano imetokea na homa bado inawaka? Rudi nyuma, tafuta malaria kali, homa ya mgunda (ya bakteria wa mkojo wa panya), usaha kwenye ini. Mjamzito wa miezi ya mwisho mwenye macho ya njano asilale kwetu hata usiku mmoja. Homa ya ini aina E kwake ni hatari kuliko kwa mwingine yeyote.

Homa ya manjano yenyewe hupumzika. Mgonjwa anapata nafuu kwa muda mfupi baada ya siku tatu nne, ndugu wanafurahi, kisha kwa wachache inarudi na manjano na damu. Muulize safari na chanjo.

Koo, mafua, kikohozi

Hapa sina mengi. Pua inayotiririka, kukohoa, sauti kukauka na macho kuwasha vikija pamoja, ni kirusi, na amoksilini haina kazi hapo. Koo linalouma peke yake bila mafua wala kikohozi, tezi za shingo zinauma, tonsili zina usaha: hapo bakteria anawezekana. Kupoteza harufu ghafla bila pua kuziba kulitufundisha UVIKO, ingawa siku hizi si wengi wanaokuja nako.

Kwa mtoto, acha koo, hesabu pumzi. Mfunue kifua akiwa ametulia, hesabu dakika nzima kwa saa. Wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni nyingi. Wa mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi. Kifua kikibonyea chini ya mbavu, hatujadili tena kirusi au bakteria, anakwenda hospitali.

Na kijana mwenye koo, homa, vipele vyepesi, vidonda mdomoni na tezi kila mahali, malaria hamna, wiki mbili hadi nne tangu alipokutana na mtu bila kinga? Fikiria VVU vya mwanzo kabisa. Kipimo cha haraka siku hiyo kinaweza kusema hana, kwa sababu mwili haujatengeneza kinga ya kuonekana. Ni kipindi hicho hicho virusi vimejaa damuni na anaambukiza sana. Mpe tarehe ya kurudi kupima, iandike, hakikisha ana namba yako ya kituo. Wengi hawaambiwi lolote hapa, wanapewa antibayotiki ya aziti na kuondoka.

Homa na damu

Wengi wakisikia Marburg au Ebola wanafikiria damu machoni. Ukisubiri damu umechelewa. Siku za mwanzo ni homa, kichwa, uchovu, kutapika na kuharisha, yaani kila mgonjwa wetu wa kawaida. Wengine hawatoi damu kabisa. Kinachopiga kengele ni historia. Kagera, Machi 2023, Marburg iliwapata watu 9 na 6 wakafariki, na ilipita katika familia na kwa wahudumu wa afya. Kwa hiyo swali ni: kuna msiba nyumbani? Marehemu alikuwa na nini? Nani alimwosha? Kuna mhudumu aliyeugua baada ya kumhudumia mgonjwa? Jibu likiwa ndiyo, simama mita moja na zaidi, usimshike mkono, usichome sindano, mweke chumba cha peke yake, piga simu kwa mratibu wa magonjwa wa wilaya. Kipimo cha malaria kinaweza kusubiri mwenye mavazi kamili ya kujikinga.

Mfugaji au mchinjaji mwenye homa baada ya mvua kubwa, ambako mbuzi, kondoo au ng'ombe wanatupa mimba kwa wingi, huyo ni homa ya Bonde la Ufa. Iligunduliwa kwenye kondoo karibu na Ziwa Naivasha mapema miaka ya 1930, na mlipuko wa 2006 na 2007 uliua watu Kenya na Tanzania. Wengi hupata homa ya kawaida. Wachache ini linaharibika na damu inatoka, wengine wanapoteza uwezo wa kuona wiki chache baadaye. Daktari wa mifugo mara nyingi anajua kabla yako, kwa hiyo mpigie.

Ila dalili zinaweza kukudanganya. Julai 2022, wilayani Ruangwa mkoani Lindi, watu walianza kuugua homa, kichwa, uchovu na kutokwa damu puani. Nchi nzima ilishika pumzi. Vipimo vya Ebola, Marburg na UVIKO vikarudi hasi. Ikaja kujulikana ni homa ya mgunda, bakteria wa mkojo wa panya na wanyama wengine. Wagonjwa 20 walikuwa wameripotiwa, watatu kati yao walifariki. Ugonjwa ule una dawa, antibayotiki za kawaida kabisa. Hivyo homa na damu kwa mkulima wa mpunga, mvuvi au mtu wa machinjioni, misuli ya shavu la mguu inauma kubonyezwa, macho mekundu yasiyo na tongo: usikae ukiwaza virusi tu.

Kipimo na mgonjwa wakigombana

Mgonjwa ana kila dalili ya dengi na kipimo cha malaria kimesema ndiyo. Uliza kama alimaliza dozi ya mseto hivi karibuni: vipimo vya haraka vingi vinaweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Omba hadubini. Pia mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Mtibu malaria, na mpe ile orodha ya herufi kubwa.

Ukimtibu mtu kama mwenye kirusi na siku ya saba homa bado ipo, jina ulilompa halifai tena. Virusi vingi vya hapa vimekwisha muda huo. Anza upya: taifodi kwa kuotesha damu, kifua kikuu, VVU, usaha uliojificha. Na mgonjwa aliyekuwa akipata nafuu akapandisha homa tena na kikohozi cha makohozi, huenda nimonia imeingia mlango uliofunguliwa na mafua.

Shingo ngumu, degedege, kuchanganyikiwa, mtoto asiyenyonya, mtu mzima asiyeweza kusimama: hapo hatutafuti jina la kirusi, tunatafuta gari.

Ugonjwa ambao dalili zake usizisubiri

Kichaa cha mbwa kina picha ya wazi kuliko vyote hivi. Mgonjwa anashtuka kwa upepo wa feni, anapewa maji na koo linajikaza kabla hayajafika mdomoni, jeraha la zamani linawasha au kufa ganzi. Mtabibu yeyote atakitambua mlangoni, na kwa wakati huo karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo mtu akija na alama ya meno ya mbwa, hata ndogo, hata kama mbwa ni wa jirani na alikuwa "mpole tu", mpeleke bombani kwanza. Maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kwa saa, muuguzi anashika muda. Usishone kidonda. Chanjo ianze siku hiyo hiyo, na kama kituo hakina, piga simu hospitali ya wilaya ukiwa naye hapo, uhakikishe ipo, ndipo umpe nauli na karatasi ya rufaa.